"Ekseli Imekwisha": Ni Nini Hasa Kilichokwisha?

Msimu wa korosho ukikaribia, gereji za Mtwara hujaa magari ya umri mkubwa yanayowekwa sawa kabla ya kuanza kupanda Tandahimba na Newala: Prado za miaka ya 1990, Hilux Surf, Escudo, Patrol, Land Cruiser mkonga zilizopigwa rangi mara tatu. Kaa kwenye benchi la gereji yoyote asubuhi moja tu, hutakosa kuisikia hii: "Mzee, ekseli ya nyuma imekwisha." Mzee anavuta pumzi, anauliza bei, anatajiwa, ananyamaza.

Shida ya kauli hiyo ni kwamba haijaisha. Ni kama mtu kukwambia mguu wake mbovu. Kucha imeng'oka, goti limevimba, au mfupa umevunjika? Vyote ni mguu, lakini cha kwanza kinatibiwa nyumbani na cha mwisho kinataka hospitali. Ekseli nayo ni hivyo. Kati ya sili ya mpira inayokaa kwenye kiganja na ekseli nzima inayoletwa na lori kutoka Dar es Salaam kuna umbali mkubwa wa pesa, na katikati ya umbali huo ndiko wenye magari wengi wanakopotea.

Neno lenyewe linachangia. Kwenye mizani, ekseli ni mstari wa matairi: lori la ekseli tatu, la ekseli tano. Gerejini, ekseli ni lile boriti zima la chuma linalotoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Kwenye kaunta ya duka la spea, mara nyingi ni ile fimbo moja tu ya ndani inayozungusha gurudumu. Jamaa yangu wa Masasi alituma pesa Dar apate "ekseli ya nyuma ya Prado", akaenda stendi na vijana wawili na mkokoteni kuipokea. Basi likashusha chuma kimoja kilichoviringishwa kwenye kiroba, akakibeba begani mwenyewe. Muuzaji hakumwibia hata shilingi. Alimpa alichoomba, kwa lugha ya dukani.

Humu nitaita boriti zima ekseli, fimbo za ndani shafti, na gamba la nje hauzingi. Katikati ya hauzingi, pale palipovimba kama kibuyu, ndipo inapokaa difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Kila mwisho wa hauzingi kuna beringi inayolifanya gurudumu lizunguke bila kusuguana, na sili inayozuia oili isitoke. Juu yake kuna kitundu kidogo cha kupumulia ambacho mafundi wanakiita briza. Kikumbuke hicho, maana nitakirudia sana.

Kabla hujaendelea, chungulia chini ya gari lako. Kama ni RAV4, Escudo ya kuanzia 2005 au Pajero ya kuanzia 1999, huna boriti. Difu yako imefungwa kwenye bodi au chesi, na kila gurudumu la nyuma linapanda na kushuka peke yake kwa shafti fupi zenye jointi. Fundi akikwambia "tunashusha ekseli nzima" kwenye gari la namna hiyo, mwombe akuonyeshe anachokizungumzia.

Injini inazungusha propela, ile fimbo ndefu inayopita chini ya gari, na propela inaingia kwenye difu kwa mbele. Humo ndani kuna gia ndogo, pinioni, inayosukuma gia kubwa ya duara, krauni. Zinafanya kazi mbili: zinageuza mzunguko uelekee pembeni kwenye magurudumu, na zinapunguza kasi ili kuongeza nguvu. Pinioni yenye meno 10 ikisukuma krauni yenye meno 41, propela itazunguka mara 4.1 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Namba hiyo ndiyo reshio, na itakuja kumliza mtu huko mbele.

Kazi ya tatu ya difu inaonekana kwenye kona. Wapeni watu wawili boriti ndefu wakate nayo kona ya uchochoro. Wa nje atakimbia, wa ndani atasogeza miguu tu pale pale. Magurudumu mawili ya nyuma yanafanya hivyo kila unapokata kona, na gia ndogo zilizomo ndani ya difu ndizo zinazomruhusu mmoja akimbie na mwenzake atulie. Ndiyo maana ushauri wa kuchomelea gia hizo "ili gari lisikwame kwenye mchanga" ni ushauri mbaya kwa gari la barabarani. Kweli halitakwama kirahisi. Ila kila kona matairi yatavutana, yataliwa, na siku moja shafti itakatika.

Swali linalofuata ni nani anabeba mzigo. Hapa magari yanagawanyika, na wengi hawajui lao liko upande gani. Chukua gari la makopo wanalochezea watoto: gurudumu limegongomewa kwenye kijiti, na kijiti chenyewe kinazunguka huku kikibeba uzito. Ekseli za Prado 90 na 95 na Surf nyingi ziko hivyo. Shafti inabeba na kuzungusha kwa wakati mmoja. Sasa chukua baiskeli. Ule mhimili wa gurudumu la nyuma umekazwa kwenye fremu, hauzunguki, umebeba magunia yako, na mnyororo unalizungusha gurudumu tu. Land Cruiser mkonga nyingi na zile VX za mfululizo wa 80 zinafuata mtindo huo: mzigo uko kwenye hauzingi, shafti kazi yake ni kuzungusha basi.

Utajua lako kwa kutazama katikati ya rimu ya nyuma. Ukiona habu, yaani kitovu cha gurudumu, imechomoza nje na duara la nati dogo katikati, ni mtindo wa baiskeli. Hiyo shafti ikikatika njiani kati ya Nachingwea na Liwale, unaichomoa hapo hapo bila hata jeki, unaziba tundu oili isimwagike, unaweka fowili ili magurudumu ya mbele nayo yavute, na kufunga difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) kama gari linayo, magurudumu ya mbele yanakufikisha mjini taratibu. Ukiona katikati bapa, ni mtindo wa gari la makopo. Hapo beringi ya pembeni ikifa vibaya, gurudumu linaweza kutoka pamoja na shafti yake. Mlio wa beringi kwenye Prado si wa kusubiri mwisho wa mwezi.

Sasa tuje kwenye milio, kwa sababu wengi wanafika gereji na neno moja tu: "linavuma." Matairi yanavuma, beringi inavuma, difu inavuma. Kuvitofautisha hakuhitaji mashine, kunahitaji barabara na masikio. Toka Mtwara kuelekea Mikindani ukiwa umezima redio. Mvumo ukibadilika pale lami inapobadilika au unaposhuka pembeni kwenye udongo, watuhumu matairi kwanza. Ukiyumbisha usukani taratibu kushoto na kulia mahali palipo wazi, mvumo ukakua upande mmoja na kufifia upande mwingine, hiyo ni beringi ya gurudumu, kwa kuwa umeihamishia uzito kisha ukauondoa. Na kama mvumo unapanda ukikanyaga mafuta, unakatika au kugeuka sauti ukiachia, krauni na pinioni ndizo zinazolalamika. Mafundi wa zamani huwa wanamkalisha kijana siti ya nyuma asikilize, na kijana huyo mara nyingi anapatia kuliko dereva.

Kuna pia ule mlio wa "ko!" unapoingiza gia na kuachia klachi. Watu hukimbilia difu. Anza na krosi za propela, yaani jointi za kwenye ncha zake, ambazo ni za bei ndogo na hufa mapema zaidi. Shika propela kwa mikono miwili gari likiwa limezimwa na kuzuiwa vizuri, izungushe kwenda na kurudi. Kama krosi inacheza, utaiona kwa macho.

Kisa cha kunusa sitakisahau. Wakati wa kupulizia mikorosho, jirani yangu alikuwa anabeba mifuko ya salfa kwenye Prado yake kupeleka shambani upande wa Nanyamba. Gari lilinuka salfa mwezi mzima na hakushangaa, nani angeshangaa? Mifuko ikaisha, harufu ikabaki. Akaosha gari mara mbili. Siku moja breki ya nyuma kushoto ikakosa nguvu mteremkoni. Dramu ilipofunguliwa, viatu vya breki vilikuwa vimelowa oili nyeusi. Oili ya difu ina viambato vya salfa vinavyolinda meno ya gia, na ikipata moto juu ya breki inanuka karibu sawa na dawa ya mikorosho. Alikuwa ananusa difu yake muda wote huo.

Akabadilishiwa sili. Baada ya wiki sita ikavuja tena. Akabadilishiwa tena, safari hii na kashfa kwamba sili za siku hizi feki. Mara ya tatu fundi mwingine, mzee mmoja asiyependa kuongea, alilala chini ya gari, akapapasa juu ya hauzingi, akachomoa kitu kidogo kama kofia ya kalamu. Briza. Ilikuwa imezibwa na tope lililokauka pamoja na vumbi la manjano. Aliipuliza kwa mdomo, haikupita hewa. Akaichovya kwenye petroli, akaitikisa, akapuliza tena, safari hii ikatoa sauti ya "fyuu". Alisema tu, "Hii ndiyo iliyokuwa inakula sili zako."

Sababu yake ni nyepesi. Ukiendesha, oili na hewa ndani ya ekseli hupata moto na kutanuka. Briza ikiwa wazi, hewa inatoka kwa juu. Ikizibwa, ni sawa na sufuria ya wali iliyofunikwa sana: mvuke utatafuta pa kutokea, na mahali dhaifu ni midomo ya sili. Utabadilisha sili hadi uchoke. Kwa hiyo ukiambiwa sili imekufa, swali lako la kwanza liwe, "Briza umeiangalia?" Fundi mzuri atafurahi kuulizwa.

Briza hiyo hiyo ndiyo inayoua difu kwa maji. Watu wanaamini kwamba gari lenye mkonga linavuka maji yoyote. Mkonga ni pua ya injini. Ekseli ina pua yake, iko chini kabisa karibu na matairi, na haijainuliwa. Umeendesha saa tatu, ekseli ni ya moto, unaiingiza mtoni. Hewa ya ndani inapoa ghafla, inasinyaa, inavuta. Kama briza iko chini ya maji au sili zimechoka, inavuta maji. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilipokatika maeneo ya Somanga kule Kilwa, madereva wengi wa huku walijikuta wakiishi na maji kuliko walivyozoea. Baada ya maji ya namna hiyo dawa ni kulegeza nati ya difu na kutazama oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo, si wiki ijayo. Maji yakilala humo, beringi huota kutu kwenye vidonda vidogo ambavyo baadaye ndiyo huo mvumo. Mpira mwembamba unaotoka kwenye briza hadi juu karibu na injini unamaliza habari hii kwa gharama ndogo kuliko chakula cha mchana cha watu wanne.

Maji ya chumvi ni kesi nyingine. Wanaopita ufukweni Msimbati maji yakipwa wanajua raha yake. Hauzingi inajua gharama yake. Osha chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo.

Ukimwaga oili, fungua kwanza nati ya juu ya kujazia, ndipo ya chini ya kumwagia. Wako waliomwaga oili yote kisha wakakuta ya juu imegoma kufunguka, gari likalala hapo. Nati ya chini mara nyingi ina sumaku. Ujiuji wa kijivu kama wanja ni kawaida, ni uzee. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si uzee, kuna jino au beringi inayomeguka. Magari mengi ya aina hii yanatumia oili ya 80W-90 au 85W-90 ya daraja la GL-5, lita mbili na nusu hadi tatu, na kiwango sahihi ni pale inapoanza kumwagika kwenye tundu la kujazia gari likiwa sehemu tambarare. Wengi hubadilisha kila kilomita 40,000. Kwa mchanga na mizigo ya huku, nusu ya hapo ni busara.

Na kuhusu kuweka oili nzito zaidi, au grisi, au ile hila ya madalali ya kutia vumbi la mbao ili difu isilie: inanyamaza kweli. Inanyamaza hadi ulipe pesa na kufika nyumbani. Chuma kilichoisha hakirudi kwa kuzibwa mdomo.

Tukija kwenye krauni na pinioni zenyewe, hapa ndipo ninapokuwa mkali. Gia hizi huzaliwa pamoja. Kiwandani zinasagwa moja juu ya mwenzake hadi meno yazoeane, kisha hupigwa alama ya kuzitambua kuwa ni jozi. Kununua krauni peke yake na kuiozesha kwa pinioni ya zamani ni kununua mlio. Hata jozi mpya inataka kupangwa. Nafasi kati ya jino na jino kwenye difu nyingi za Toyota ni milimita 0.13 hadi 0.18, karibu unene wa karatasi moja na nusu ya daftari. Hiyo haipimwi kwa kutikisa na kusema "iko poa". Inapimwa kwa geji ya saa, kisha meno yanapakwa rangi na kuzungushwa ili kuona yanagusana katikati au pembeni. Fundi asiye na geji hiyo anaweza kuwa hodari kwa mengine yote, lakini hiyo kazi asiifanye.

Usikubali pia nati ya pinioni ikazwe tu ili kuzuia kuvuja au kelele. Kwenye difu nyingi za Toyota, nyuma ya nati hiyo kuna bomba fupi la chuma laini lililotengenezwa lipondeke kidogo wakati wa kufunga, ili beringi mbili za pinioni zibanwe kwa kiasi chake. Likipondwa kupita kiasi halirudi, kama kopo lililokanyagwa. Beringi zinabanwa, zinaungua, na mwezi mmoja baadaye unaambiwa difu "ilikuwa imeshachoka".

Basi utengeneze au ubadilishe? Sili, briza, beringi ya gurudumu, hata shafti moja: tengeneza. Kwa mtindo wa Prado hakikisha tu beringi inaingizwa kwa presi, na ile pete inayoishikilia ni mpya. Pete ya zamani iliyogongwa kwa nyundo na kurudishwa ndiyo inayoachia barabarani. Difu ikifa peke yake, kwenye Toyota nyingi za umri huo inatoka nzima kwa mbele baada ya kuchomoa shafti na propela, kwa hiyo unaweza kununua difu kamili na kubaki na hauzingi yako. Ekseli nzima ibadilishwe pale hauzingi ilipopinda kwa shimo au kwa mizigo (tairi la nyuma likiliwa upande mmoja bila sababu, shuku hapo), ilipopasuka, ilipoliwa na kutu, au pale beringi ilipozungukia mahali pake hadi ikakwangua kiti chake.

Ukishaamua kuagiza, na Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, usitume pesa kwa kauli ya "ya Prado". Kwanza reshio. Piga picha bamba la gari lenye msimbo wa ekseli, kisha hakikisha kwa mkono, maana gari la miaka 25 huenda lilishabadilishwa. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma juu ya stendi za chuma, si mawe wala tofali, zuia ya mbele kwa vigingi, gia huru, breki ya mkono imeachiwa. Weka alama ya chaki kwenye propela. Mwenzako ashike gurudumu moja lisizunguke, wewe zungusha la pili mizunguko miwili kamili, hesabu propela imezunguka mara ngapi. Ukipata nne na sehemu ndogo sana, ni kama 4.1. Nne na nusu na kidogo, ni 4.556. Muuzaji naye afanye hesabu hiyo kwa ile ya dukani, au ahesabu meno. Ukifunga nyuma reshio isiyolingana na ya mbele, siku utakayoweka fowili na kufunga ekseli ya mbele na ya nyuma zivute pamoja, moja itataka kwenda haraka kuliko nyingine, na zitavunjana.

Baada ya reshio ndiyo uulize upana, breki za dramu au diski, waya za ABS (breki zinazozuia tairi lisijifunge) kama gari lako linazo, na vishikio vya springi. Spea ya mtumba kutoka Japani inaweza kuwa nzuri kuliko jozi mpya ya bei rahisi, lakini omba ifunguliwe kifuniko au imwagwe oili uione rangi yake. Muuzaji anayekataa hilo amekujibu.

Ekseli ikishafungwa na breki zikatolewa hewa, bushi zikakazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake lenyewe, usilipakie magunia siku hiyo. Liendeshe tupu hadi Mikindani na kurudi bila kukanyaga breki sana. Ukisimama, shuka kabla halijapoa, gusa habu zote mbili za nyuma kwa mgongo wa kiganja, kisha gusa hauzingi karibu na propela. Joto ni kawaida. Upande mmoja ukikurudisha mkono na mwingine ukikuachia, rudi gereji jioni hiyo hiyo.